Mikono ya Mama Ripiti

Mama Ripiti hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani. Ukimwambia chai imetiwa sukari, ataionja, atakutazama usoni, kisha ataionja tena. Dada yake, ambaye alikuwa akiishi naye tangu mmoja afiwe na mume na mwingine aachike, alikuwa na msemo wake: huyu mdogo wangu akifika peponi, kabla ya kuingia ataomba aonyeshwe kitambulisho cha malaika wa mlangoni.

Jina la Mama Ripiti alipewa na wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, darasa la jioni, kwa watu wazima wanaoanza kabisa, na hakuna neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kama hilo la Kiingereza la kuwataka warudie. Ripiti, jamani. Ripiti tena. Wanafunzi wakalibeba nyumbani, majirani wakalidaka, na siku moja muuza nyanya akamwita hivyo mbele ya watu. Alisimama akamkazia macho yule muuza nyanya, akitaka kujua nani kamwambia.

Darasa lenyewe lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi, harufu ya rangi mbichi ilikupokea kabla ya mtu kukusalimu. Viti vilikuwa vya mbao, vile vyenye kibao cha kuandikia upande wa kulia, na wanaoandika kwa mkono wa kushoto walikaa wamejipinda kama watu wanaochungulia chini ya gari. Karibu wanafunzi wote walitoka hoteli moja kubwa ya mjini: wafua nguo, wabeba mizigo, watandika vitanda, wapishi wadogo. Hoteli ndiyo iliyowalipia ada, kwa sababu wageni wake wengi walizungumza Kiingereza.

Sasa, pale shuleni palikuwa na sheria. Mkuu wa shule, ambaye ndiye aliyekuwa pia mwenye shule, alikuwa amebandika tangazo juu ya ubao: humu ndani ni Kiingereza tu. Lugha ya nyumbani ibaki ngazini pamoja na miavuli. Sheria nzuri kwenye karatasi, lakini hebu jiulize wewe mwenyewe. Mtu amekuja jioni ya kwanza, hajui hata neno moja. Unataka afungue kitabu. Utamwambiaje?

Hapo ndipo mikono ya Mama Ripiti ilipoingia kazini. Viganja viwili vilivyobanana vikaachana polepole: fungueni vitabu. Vikarudi kubanana: fungeni. Kiganja kinapanda: simameni. Kinashuka: kaeni. Kidole sikioni: sikilizeni. Vidole viwili vinasogeleana mpaka vinagusana: fanyeni wawili wawili. Kidole kinazunguka hewani kama kinakoroga chai: tena. Na kila mara mdomo ulitamka amri yenyewe kwa Kiingereza, kwa sauti safi ya kupendeza.

Mikono hiyo hakujifunza chuoni. Baba yao alifanya kazi maisha yake yote kwenye mashine ya kusaga kokoto, na masikio yakamfa angali kijana. Kwa hiyo nyumbani kwao watu walizungumza kwa mikono. Hata kugombana waligombana kimyakimya. Jirani angepita asijue kwamba ndani humo mtu anatukanwa.

Basi darasa lilienda kama mwili mmoja. Kiganja kikipanda, watu wote juu. Kikishuka, wote chini. Mkuu alipenda kuwaleta wageni wake mlangoni. "Tazameni wenyewe," alikuwa akisema, "miezi michache tu, na wanaelewa kila kitu!" Mama Ripiti alisikia sifa hizo, na ndizo pekee katika maisha yake alizozipokea bila kuzikagua.

Halafu uvumi ukaanza kupita kwenye korido. Eti wanafunzi wamepungua. Eti madarasa ya jioni ni mawili na walimu ni wawili, na Mkuu ameanza kuona mwalimu mmoja anatosha. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa kijana mmoja wanayemwita Profesa, mpole, mwenye miwani ya duara. Mama Ripiti aliwahi kuichungulia miwani hiyo ilipokuwa mezani, akaona haikuzi wala haipunguzi kitu. Kioo cha dirisha kabisa. Mtu anayevaa kioo cha dirisha usoni, alijiambia, ana kitu anaficha.

Ni katika siku hizo ndipo alipokuja yule mgeni.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, viatu vinang'aa. Alilipa ada mwenyewe, akakaa nyuma kabisa, mahali ambapo mtu haoni ubao vizuri ila anawaona wenzake wote. Darasa likamwita Mgeni, na jina likakaa.

"Unafanya kazi gani, bwana?" Mama Ripiti alimuuliza ngazini, ambako lugha ya nyumbani iliruhusiwa.

"Nauza pampu za maji, mwalimu."

"Pampu za aina gani?"

"Aah, kila aina."

"Za umeme au za mkono?"

"Zote tu."

Mama Ripiti aliitikia kwa kichwa, akashuka zake. Muuza pampu wa kweli, aliwaza, angekuwa ameshaniuzia moja hapa hapa.

Kuanzia hapo akawa hafundishi, anapeleleza. Akagundua jambo. Alipoamuru vitabu vifunguliwe, wengine walisubiri kidogo, kisha wakafungua kwa pamoja. Mgeni yeye alikuwa ameshafungua. Alipotaka wasimame, Mgeni alikuwa ameshanyanyuka nusu, kisha anajirudisha chini kama mtu aliyekumbuka kitu, na anasimama upya pamoja na wenzake. Siku nyingine, Profesa alipopita koridoni akamtania Mkuu kwa Kiingereza, darasa zima lilibaki limeduwaa, lakini Mgeni aliinamisha kichwa, na mabega yake yakacheka.

Mtu anayeanza kabisa, anacheka mzaha?

Jioni hiyo alimweleza dada yake huku wakichambua mchele. Dada alikuwa nesi aliyestaafu, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno.

"Huyo anakutaka," dada akasema.

"Ananitaka nini?"

"Weka ungo chini kwanza, usije ukamwaga. Mwanamume mzima, viatu vinang'aa, anatoa ada yake kuja kuimbishwa 'ripiti, ripiti.' Unadhani anafuata nini, irabu?"

"Anafuata kazi yangu, dada. Huyo kakaa pale kunihesabia makosa. Kuna mtu kamtuma. Ama Mkuu, ama yule wa miwani."

"Basi vaa ile blauzi ya kijani. Akiwa mchumba, umepata. Akiwa mpelelezi, atakuandika umependeza."

"Wewe kila kitu kwako ni utani."

"Na wewe kila mtu kwako ni mwizi. Hata mimi, juzi umekuja kunusa kikombe changu."

"Nilikuwa naangalia kama umekunywa dawa."

"Si ungeuliza?"

"Ungesema umekunywa."

Dada alicheka hadi akashika ubavu, maana kweli asingekuwa amekunywa.

Kesho yake Mama Ripiti alimbana Profesa kwenye chumba cha walimu, ambacho kusema kweli kilikuwa stoo yenye birika.

"Shikamoo, mwalimu," Profesa akaamkia.

"Marahaba. Yule mtu wangu mpya unamfahamu?"

"Yupi huyo?"

"Usiniulize yupi. Nimekuuliza unamfahamu."

"Mwalimu, mimi hata nani kabaki na nani kaondoka sijui tena. Mimi mwenyewe natafuta kazi kwingine, nakwambia kama mama yangu. Hapa hapakaliki."

Maneno hayo yangemtuliza mtu mwingine. Mama Ripiti yalimpandisha presha. Anaaga, alijiambia, ili nilale. Nikishalala, nitaamka asubuhi niko nje na yeye yuko kwenye kiti changu.

Lakini namna ya kumnasa Mgeni aliipata nyumbani, tena bila kuitafuta. Dada alikuwa jikoni, mikono imejaa povu. "Niletee sufuria," akasema, huku kidevu na kiwiko vikielekea kitambaa kilichotundikwa ukutani. Mama Ripiti akamletea kitambaa.

"Nimesema sufuria!"

"Umeonyesha kitambaa."

"Mdomo wangu umesema sufuria, mama."

Wakatazamana. Katika nyumba ile, tangu enzi za baba yao, mkono ukipishana na mdomo, mkono ndio uliofuatwa. Dada alirudi kwenye vyombo vyake. Mama Ripiti alibaki na kitambaa mkononi, anatabasamu peke yake, tabasamu la mtu aliyeona tundu la panya.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mdomo utasema moja, mkono utaonyesha lingine. Anayejua Kiingereza kweli, sikio litamponza.

Alivaa blauzi ya kijani. Sababu nimwachie mwenyewe. Akaanza somo kama kawaida, akaliacha darasa lipate moto. Kisha, uso umetulia kabisa, akainua kiganja juu: simameni. Mdomo nao, kwa Kiingereza kisafi, ukasema wakae.

Darasa zima likasimama. Mgeni alibaki amekaa.

Mama Ripiti akashusha kiganja, wakakaa. Akaachanisha viganja, kama kitabu kinachofunguka, huku mdomo unasema wafunge vitabu. Vitabu vikafunguka chumba kizima kwa mshindo mmoja. Kule nyuma, kitabu kimoja kikafungwa.

Mara ya tatu akaweka kidole sikioni, ishara ya kusikiliza, na mdomo ukawaambia watoke nje, wamemaliza, waende nyumbani. Ni maneno aliyowaambia kila jioni tangu darasa lianze. Watu wote wakaweka vidole masikioni. Mgeni alishika mkoba wake, akanyanyuka, akapiga hatua moja. Ndipo akaona wenzake wote wamekaa wametega masikio. Akageuka taratibu, akamtazama mwalimu.

Nimekupata, Mama Ripiti akasema moyoni. Nimekupata, muuza pampu!

Na furaha ile haikumfikisha popote, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuondoka kwa Mgeni na kuwapitia wale wengine. Walikuwa wamekaa safu kwa safu, kidole sikioni, wanatabasamu, wanasubiri kusifiwa. Mama Dobi, mkuu wa wafua nguo na mwanafunzi wake bora kuliko wote, alikuwa ametega sikio kwa heshima kuliko wengine. Kreni, mbeba mizigo mwenye mabega mapana kama kabati, alikuwa na vidole vyote viwili masikioni ili asipungukiwe.

Amewaambia waende nyumbani. Hakuna aliyekwenda.

Mama Ripiti akaficha mikono nyuma ya mgongo. Akawaambia wasimame. Kimya. Wakamtazama usoni, wakamtazama mabegani, wakaanza kunong'ona. Kreni akainama upande, akijaribu kuchungulia kule nyuma mikono ilikokwenda. Akarudia amri ile ile, polepole, kila neno peke yake. Mama Dobi alitabasamu kwa wasiwasi, akafungua kitabu, akakifunga.

Mwalimu akatoa mkono mmoja, akawapungia. Wakaondoka.

"Wewe baki," alimwambia Mgeni, na alimwambia kwa lugha ya nyumbani, chini ya lile tangazo. "Nani kakutuma? Mkuu, au yule mwenye kioo cha dirisha?"

"Hoteli," Mgeni akajibu.

Akavuta kiti mbele, akakaa, na sasa hakuwa na sababu ya kuficha. Alikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika tawi jingine la hoteli ile ile, mji wa mbali, ndiyo maana hakuna aliyemjua. Kilichomleta kilikuwa simu.

"Wanafunzi wako, mwalimu, mgeni wa hoteli akiwa mbele yao wanamwelewa. Akionyesha begi, linabebwa. Akionyesha kitanda, kinatandikwa. Lakini mgeni akipiga simu kutoka chumbani, hawaambulii kitu. Mwezi uliopita bomba lilipasuka bafuni. Mgeni akapiga simu, anapiga kelele, anaomba msaada. Kreni akapokea. Akamjibu kwa adabu kabisa, ndiyo, karibu sana, akakata simu. Maji yalishuka hadi ghorofa ya chini."

Mama Ripiti akaitazama mikono yake.

"Meneja kakasirika. Anasema ama hawa watu hawaji darasani, ama darasa lenyewe ni jina tu. Nikatumwa nikae humu niangalie. Nimeangalia, nimechanganyikiwa. Wanakuja wote. Wanafuata kila kitu. Mpaka leo uliponitega." Akapangusa kiatu chake kwa kidole, ingawa hakikuwa na vumbi. "Umenitega vizuri, lakini umeona mwenyewe kilichonaswa."

"Utaandika nini?"

"Naweza kuandika kwamba ni watu wazito. Umri umekwenda, vichwa vimefunga. Hoteli itawapa notisi, itaajiri vijana wanaojua Kiingereza tayari, na darasa lako litaletewa kundi jipya litakalohamishiwa hapa kutoka tawi letu. Wewe hutaguswa."

Hapo Mama Ripiti akamtazama kwa jicho lake lile la chai. "Kwa nini unanifungulia mlango? Unanijua wapi?"

"Kwa sababu unafundisha kwa moyo. Nimeona."

"Na mbeba mizigo? Na Mama Dobi, ambaye anasomesha wajukuu?"

Mgeni aliinua mabega.

Nikwambie ukweli, Mama Ripiti hakujibu haraka. Alikuwa mwanamke asiye na mume, kazi ni hiyo moja, na umri wa kuanza kubisha hodi kwenye shule nyingine ulikuwa umempita. Ulimi ulikuwa tayari kusema andika hivyo. Kilichomzuia kilikuwa ile picha ya Kreni na vidole viwili masikioni, anasikiliza kwa nguvu zake zote kitu ambacho mwalimu wake hakuwahi kumpa.

"Andika ni mikono yangu," akasema.

"Nikiandika hivyo, Mkuu wako atakutoa."

"Najua. Lakini kabla hujaandika, wajaribu kwa simu. Si kazi imeharibikia kwenye simu? Basi wapime hapo. Nipe muda niwaandae."

"Ripoti inatakiwa mwisho wa wiki ijayo."

"Nipe mpaka hapo."

"Na mimi nitajuaje kwamba hutawafundisha kujibu kama kasuku?"

"Hutajua," Mama Ripiti akasema. "Mimi mwenyewe sitajua."

Nyumbani dada alimpokea mlangoni. "Ehe? Mpelelezi au mchumba?"

"Mpelelezi."

"Pole," dada akasema, na blauzi ya kijani ikarudi kabatini.

Darasa lililofuata, Mama Ripiti alifunga mlango, akageuza lile tangazo la Mkuu lielekee ukutani, akasema nao kwa lugha ya nyumbani. Aliwaeleza yote: Mgeni ni nani, simu, bomba, notisi, jaribio. Mama Dobi alibeba kiti chake akakihamisha mbali na Mgeni, kimyakimya, kama mtu anayehama jirani mwenye upele.

"Kwa hiyo, mwalimu," akauliza, "miezi yote hii hatujui kitu?"

"Mnaijua mikono yangu. Kiingereza bado."

"Lakini mimi uliniambia safi sana!" Kreni akalalamika.

"Ulikuwa safi sana kwenye mikono."

"Na yule wa bomba mimi nilijua ananishukuru. Alikuwa anaongea kwa hamasa yule mtu!"

Wakacheka, hata Mgeni, lakini kicheko kilikufa mapema. Mama Dobi hakucheka. "Mwalimu, na wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

Mama Dobi alimtazama. Alimtazama kwa muda, kichwa kimeinama kidogo, bila kusema anaamini au haamini. Mama Ripiti, ambaye amewatazama watu hivyo maisha yake yote, hakuwahi kufikiri kwamba kutazamwa hivyo kunauma.

Wakaanza upya. Siku ya kwanza alijaribu kufundisha akiwa amekunja mikono, wakadhani amekasirika. Akaiweka mfukoni, ikatoka yenyewe. Mwisho alichukua ile kamusi nene ya shule akaikumbatia kwa mikono yote miwili, na jioni nzima akafundisha akiwa ameibeba kama mtoto mgonjwa. Alisema simameni, wakatazama kamusi. Akarudia. Mpishi mmoja akasimama kwa kubahatisha, na mara wote wakasimama.

Hapo akashtuka. Hawa wamepata mikono mipya. Walikuwa wanamtazama mpishi.

"Fumbeni macho," akawaamuru. "Wote. Na wewe Kreni, hilo la kushoto naliona."

Wakafumba. Akatamka, akasubiri. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyopendeza. Mmoja anasimama, mwingine anafungua kitabu, mwingine amekaa tu anatokwa na jasho. Darasa lililokuwa likienda kama mwili mmoja likawa kama soko lililopigwa na mvua. Mkuu alipita na mgeni wake, akachungulia dirisha la koridoni, akaona watu wazima wamefumba macho, kila mmoja na lake, na mwalimu kakumbatia kamusi. Akamvuta mgeni wake haraka wakaenda kwa Profesa.

Mama Ripiti aliona, akajua siku zake zinahesabiwa. Aliendelea.

Siku ya jaribio ilipofika, masharti aliyaweka Mgeni. Simu ya Mama Dobi itawekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Yeye Mgeni atashuka barabarani, mbele ya duka la rangi, apige kutoka huko. Wanafunzi watabaki peke yao ndani, macho wamefumba kama walivyozoea. Na mwalimu atakaa mwisho wa korido, kule kwenye birika.

"Huniamini?" Mama Ripiti akauliza.

"Wewe ungeniamini?"

Mama Ripiti akageuka. Akaenda kwenye birika.

Akakaa. Akasimama. Akasikiliza, akasikia sauti ya Profesa tu, anafundisha chumba cha pili. Akawaza, je, kama Mgeni anawasomea mambo ambayo hawajafundishwa, ili waanguke? Je, kama tayari ameshaandika ripoti, na hili ni la kunyamazisha watu tu? Akavua viatu, akavibeba mkononi, akanyata hadi mlangoni, akabandika sikio kwenye ubao wa mlango.

Sauti ya Mgeni ilikuwa inatoka kwenye simu, ina mikwaruzo, ndogo, haina uso. Iliamuru wasimame. Kimya. Kisha kiti kimoja kikakwaruza sakafu. Mama Ripiti akafumba macho. Huyo ni Mama Dobi, na sasa wote watamfuata. Lakini hawakumfuata. Kikakwaruza kingine baada ya muda, huko upande wa pili. Kisha viwili. Kisha kimya, halafu kimoja chenye haya, mwisho kabisa. Akawa hajui afurahi au vipi.

Sauti ikawaambia wasikilize vizuri. Kisha ikasema wafungue dirisha.

Ndani palikuwa na mkanganyiko. Miguu, kiti kilichogongwa, mtu aliyesema "samahani." Akasikia bawaba za dirisha zikilia na kelele za barabarani zikaingia chumbani. Na akiwa bado amebandika sikio, akinyoosha shingo asikie zaidi, mlango ukavutwa kutoka ndani kwa nguvu, na yeye akaangukia kifua cha Kreni.

Kreni alikuwa amefumba macho kabisa, mkono bado uko kwenye kitasa.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi."

"Ticha?" Akafumbua jicho moja, akamwona mwalimu wake pekupeku, viatu mkononi. Akanong'ona ili simu isisikie. "Amesema kufungua. Kufungua nimeelewa, wallahi. Cha kufungua ndicho kimenipita."

Mama Ripiti alimtazama, akatazama chumba. Mama Dobi na wengine wawili walikuwa dirishani wamefumba macho, wanapapasa upepo. Mpishi alikuwa amefungua kitabu. Mwingine alikuwa bado amekaa. Kila mtu amekosea kivyake au amepatia kivyake, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Mlango ule Kreni asingeufungua kama angekuwa ametazama mkono wa mtu. Alikuwa amesikia neno moja, la kwanza katika maisha yake, akatembea nalo gizani hadi alipofika.

"Umepata nusu," akamwambia. "Nusu nzima."

Mgeni alipanda ngazi anahema, akawakuta pale pale mlangoni. Akasema aliona dirisha likifunguka juu ya kichwa chake, na uso wa Mama Dobi ukatokea, macho kafumba, anamwambia karibu. Alitazama viatu vilivyo mkononi mwa mwalimu, akaamua kutoviona.

"Nitaandika kwamba njia ya kufundisha ilikuwa na kasoro," akasema, "na kwamba mwalimu ameigundua mwenyewe na ameanza kuirekebisha. Wafanyakazi wapewe muhula mmoja zaidi, chini ya mwalimu huyu huyu, na mtihani wa mwisho uwe wa simu. Kwa kuwa hoteli ndiyo inayolipa, Mkuu wako hatabisha. Baada ya muhula huo, sina ahadi."

Kreni alipiga kofi moja kubwa, akajikumbusha yuko darasani, akanyamaza.

"Nitaituma kesho asubuhi," Mgeni akaongeza, akinyoosha mkono kumuaga mwalimu.

Mama Ripiti hakuupokea ule mkono. Alivaa viatu vyake kwanza, kimoja, kisha cha pili. Akavuta kiti, akakiweka mbele ya Mgeni, akakigonga kwa kiganja.

"Kaa hapo," akamwambia. "Andika sasa hivi. Nikiona."